Mguu wa Mama Vicent

Nakwa, Babati
19 Januari 2025

Mama yangu Benadetha,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Najua Mwalimu Salvatory ndiye anayekusomea, ameegemea nguzo ya zizi na miwani yake ya kamba. Na yeye shikamoo, Mwalimu, na samahani kwa mwandiko. Vidole siku hizi vimezoea kubonyeza simu.

Chuo kimeanza. Umeuliza tuko wangapi chumbani. Tuko wanne: mimi, Zena, Mwamvita na Faudhia. Zena ni wa Lindi, anatetemeka kwa baridi hapa Babati, sijui angefika Kainam ingekuwaje. Mwamvita anacheka sana. Faudhia anasoma kwa sauti mpaka tunamnyamazisha. Asubuhi tatu kwa wiki bado nafanya kazi pale zahanati ya Bagara, siku nyingine zote ni masomo. Mungu akipenda Julai namaliza, nitoke kwenye cheti nipate stashahada, na wewe useme mbele za watu kwamba mwanao ni muuguzi kamili.

Simu hatutasikilizana, masikio yako nayajua. Tuendelee na barua, dereva wa basi anayezibeba anatuheshimu.

Mwanao,
Genoveva

*Karatasi ya pembeni, ya Mwalimu peke yake. Naomba usimsomee mama.*

Mwalimu, hakuna bweni. Chuo chote kimo ndani ya simu yangu. Kila mtu anasoma kwa mwendo wake, mahali alipo, saa anayotaka. Hakuna kengele, hakuna wa kukuuliza ulikuwa wapi. Nimepanga chumba kimoja kwa Mama Luqmani, mwenye duka hapa Nakwa. Zena, Mwamvita na Faudhia ni majina kwenye orodha ya wanafunzi. Mtu akiwa anasoma, kidoti cha kijani kinawaka pembeni ya jina lake. Sijawahi kuwaona wala kuwasikia, hata hiyo Lindi nimemchagulia Zena mimi. Mama aliponiuliza tuko wangapi, mkono ulikataa kuandika "mmoja". Unajua anavyoogopa mtu kulala peke yake. Nisaidie.

G.

---

Kainam
2 Februari 2025

Mwanangu Genoveva,

Marahaba. Milele na milele, amina. Barua yako nimesomewa mara mbili, na mara ya tatu nikaomba nisomewe majina tu. Wanne! Nilikuwa nawaza uko peke yako kama jiwe la mpakani. Kwetu binti halali peke yake, hata mjane anatafutiwa mtoto wa ndugu wa kulala naye. Mimi nimewakataa kwa ukorofi wangu tangu baba yako atutoke, lakini ukorofi huo sikukurithisha.

Jumamosi kwenye jumuiya nimewataja wenzako. Wakaniuliza kama inafaa kuwaombea wasichana watatu wa Kiislamu. Nikawaambia Mungu hana chumba cha wageni, wote wanalala mlemle. Wameombewa.

Nimetuma debe la maharage, mle wote wanne, na blanketi. Blanketi ni la Zena. Wewe usiliguse, umezaliwa kwenye baridi.

Kuna jambo. Mama Vicent jirani ana kidonda kwenye kidole gumba cha mguu. Alijikata na jembe karibu na Noeli. Hakiumi, lakini hakifungi. Anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mnadani, usiku hakai ndani. Ameniomba nikuulize wewe unayesoma. Mwenyewe anaona aibu.

Mama yako,
Benadetha

*Mwandishi:* Imeandikwa kama ilivyosemwa. Karatasi yako ya pembeni nimeisoma na kuitia motoni. Mama yako yuko hapa anauliza mbona bado naandika, nimemwambia naweka tarehe. Nilipokuwa kijana niliongeza neno langu moja kwenye barua ya mtu, ndoa ikavunjika. Tangu hapo mimi ni kalamu: siongezi, sipunguzi. Siri yako nitaitunza, ila usidhani ni nyepesi.
S. Qamara

---

Nakwa
16 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Zena amejifunika blanketi mpaka puani, anakuita "bibi wa Kainam". Maharage tumepika siku tatu mfululizo, Mwamvita anasema tukiendelea hivi wodi yote itatukimbia.

Sasa Mama Vicent. Mwambie kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa. Kiu hiyo na kwenda haja kila saa, huenda ni sukari. Apimwe damu wiki hii pale hospitali ya misheni, ni kidole tu kinachomwa. Asitembee peku. Akisafishe kwa maji yaliyochemshwa, akifunge kwa kitambaa safi. Asiweke majivu, asiweke mavi ya ng'ombe, hata nani akimshauri. Na asingoje. Nimefika kwenye somo hilohilo, ndiyo maana nasema kwa uhakika.

Genoveva

*Ya Mwalimu.* Blanketi ninalo mimi. Mama Luqmani aliponiona nabeba debe la maharage aliniuliza nina harusi lini. Nikacheka, nikafunga mlango, nikakaa kitandani nikalia. Zahanati nasema na watu: vua shati, vuta pumzi, meza hii mara mbili kwa siku. Hayo si mazungumzo, Mwalimu. Nikirudi hapa, video ya somo inaniuliza "je, umeelewa?" halafu inangoja nibonyeze ndiyo. Nabonyeza. Jana nilijibu kwa mdomo.

G.

---

Kainam
9 Machi 2025

Genoveva mwanangu,

Marahaba. Mvua imeshika, ukungu haupandi mpaka saa tano. Palizi inakwenda polepole.

Mama Vicent nimemfikishia. Amesema ahsante, ila hospitali hatakwenda kwanza. Akienda watamlaza, wakimlaza watamwita binti yake, na binti aache shughuli yake njiani. Amesema shughuli ya binti ina mwisho wake, na mguu nao una subira yake. Nimembishia mpaka nimechoka. Ni mtu mgumu. Kidonda kimekuwa kama kifuniko cha soda. Yeye analima vilevile, amevaa viatu vya mvua vya marehemu mumewe.

Mwambie Faudhia asome taratibu, sauti ikikauka atasomea nini mtihani?

Benadetha

*Mwandishi:* Nimeandika nilichoambiwa. Nilichokiona sikuandika.
S. Qamara

---

Nakwa
13 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Nina habari isiyo nzuri. Zena ameacha chuo. Hakuaga mtu. Tuliamka tukakuta upande wake mtupu.

Mama Vicent anifanyie hisani mbili. Ya kwanza, aende hospitali, kifuniko cha soda si mchezo, kidole kinaweza kuoza mpaka mfupani. Ya pili, kazi yetu ya mwisho ni kuandika ripoti ya mgonjwa mmoja tangu mwanzo wa ugonjwa wake. Naomba ridhaa yake nimwandike yeye. Sitataja jina. Niambie upana wa kidonda, rangi, kama kinatoa maji, kama kinanuka, anakula nini, analala saa ngapi.

Genoveva

*Ya Mwalimu.* Ni kweli Zena ameacha. Kidoti chake hakikuwaka wiki tatu, halafu jina likawa la kijivu, chini yake wameandika "amesitisha masomo". Basi. Hakuna aliyeuliza. Mimi mwenyewe ningeweza kuzimika hivyohivyo na video ikaendelea kuuliza kama nimeelewa. Nimemlilia mtu ambaye sijui hata sura yake. Na lile neno lako la Machi limenichoma. Najua unachokiona: mwanafunzi wako anamdanganya mama yake. Nivumilie mpaka Julai.

G.

---

Kainam
4 Mei 2025

Mwanangu,

Barua ya Zena imeniumiza. Jumuiya yote iliniuliza kwa nini, nikawaambia wazidi kumwombea. Popote alipo alale salama. Blanketi aliondoka nalo? Kama hakuondoka nalo, usimpe mtu mwingine. Atarudi.

Mama Vicent amekubali. Andika lolote ila jina lisionekane. Kidonda sasa ni upana wa sarafu mbili zikikaa pamoja. Kidole cha pili kimeanza. Rangi ni nyeusi pembeni, katikati kama nyama iliyolala. Maji yanatoka. Kinanuka, ndiyo, anafunga mlango asisikie mtu. Anakula ugali na maziwa. Kulala halali vizuri, anakaa anafikiri. Miguu haisikii, juzi alikanyaga kaa la moto akajua kwa harufu.

Amesema kama ripoti yake itakusaidia kumaliza, basi kidonda kimefaa kitu.

Benadetha

*Mwandishi:* Sijaongeza neno. Ila kalamu nayo ni mtu, na mtu akiulizwa hujibu. Tangu Januari umeniambia mengi, Genoveva. Hujaniuliza kitu.
S. Qamara

---

Nakwa
8 Juni 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Leo hakuna barua ya mama, ni hii yako tu.

Ripoti ya Mama Vicent imepata alama themanini na nane, hakuna aliyenizidi kwenye orodha. Nilifurahi nikatoka nje kumwambia mtu. Nikasimama barazani, nikakumbuka sina wa kumwambia, nikaingia dukani nikamwambia Mama Luqmani. Akaniongezea peremende mbili. Nimezila zote.

Ila mkufunzi ameandika mwishoni: "Kazi nzuri. Mgonjwa huyu alipaswa kuwa wodini tangu Machi. Je, wewe umemwona kwa macho yako?" Nimelisoma swali hilo siku nzima. Sijamwona. Nimeandika kurasa kumi na nne juu ya mguu ambao sijaugusa, nikapewa alama.

Uliniambia sijakuuliza kitu. Basi nakuuliza. Nenda kwa Mama Vicent, mwambie avue kiatu, utazame. Kisha niambie wewe, si kalamu: hali ya mguu ule ikoje?

Genoveva

---

Ujumbe wa simu
10 Juni 2025, saa 1:20 asubuhi

Genoveva. Umeuliza, najibu. Mama Vicent ana miguu miwili mizima, jana kavuna maharage kutwa. Mguu ni wa mama yako. Tangu Noeli. Alinikataza nisiseme mpaka umalize chuo. Nimemwacha kitandani, ana homa, hata mimi amenitambua kwa shida. Tumempata mwenye gari, tunashuka naye hospitali ya misheni sasa hivi. Tukutane huko. Qamara

---

Hospitalini
22 Juni 2025

Mwalimu Salvatory,

Vidole vitatu vimekatwa, cha gumba na viwili vinavyofuata. Daktari anasema wangechelewa wiki moja zaidi ungekuwa mguu wote, na wiki mbili ungekuwa msiba. Sukari yake siku ile mashine iliandika tu kwamba imepita kiwango. Homa imeshuka. Anagombana na wauguzi kuhusu uji, kwa hiyo anapona.

Nimekukasirikia. Nalisema kwa maandishi ulitunze. Uliuona mguu ule mwezi wa tatu, ukaandika "nilichokiona sikuandika", kisha ukakunja karatasi ukaenda kunywa chai. Kalamu gani hiyo?

Halafu wodini, nikiwa namshika mama wakati wanabadilisha bandeji, nikakumbuka viatu vya mvua vya marehemu mumewe. Mume wa Mama Vicent yu hai, Mwalimu. Nimesoma katekisimu na mwanae. Mjane pale kijijini mwenye viatu vya mvua vya kijani ni mmoja tu, na viatu hivyo nilimnunulia baba mimi. Mama aliniambia kweli yote isipokuwa jina, na mimi sikusikia, kwa sababu nilikuwa natafuta mgonjwa mzuri wa ripoti. Muuguzi gani huyo?

Ripoti nimeiondoa. Nimemwandikia mkufunzi kwamba ridhaa haikuwa ya kweli. Julai sitamaliza tena, labda Desemba. Hakuna atakayejua kama nimechelewa, hiyo ndiyo faida ya chuo changu.

Mama bado hajui habari za chumba. Ameniuliza kama Mwamvita na Faudhia watakuja kumwona. Nimesema wana mtihani.

Genoveva

---

Kainam
29 Juni 2025

Genoveva,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. Ulilosema nimelipokea. Kila nilipokuja kuandika nilikaa naye jikoni, harufu naisikia, na bado nikatoa kalamu. Nilijivunia uaminifu nikasahau ulikuwa wa kazi gani. Ninaomba radhi kwako, na kwake nitaomba nikimwona.

Lakini na wewe nikuambie la mwalimu kwa mwanafunzi. Akiruhusiwa, huku juu hawezi kukaa, kidonda kinataka kusafishwa kila siku na mtu anayejua. Itabidi aje kwako. Chumba atakiona. Mwambie kabla hajafika mlangoni.

Kondoo wake wako kwangu. Mama Vicent anasalimia, amecheka na kulia aliposikia miguu yake ilivyosafiri.

S. Qamara

---

Nakwa, Babati
3 Agosti 2025

Mwalimu Salvatory,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Benadetha nasema, anayeandika ni Genoveva. Nimemwambia sheria ni ileile yako, asiongeze wala asipunguze, na nikiona kalamu inasita nampiga na fimbo ya kutembelea. Imesita hapo mara moja, nimempiga.

Naendelea vizuri. Sindano najichoma mwenyewe tumboni. Mama Luqmani ananiletea mchicha, tunabishana habari za chumvi, mwanamke mzuri.

Hukumwambia mtoto huyu aniambie? Hakuniambia. Tumefika mlangoni, nimeingia, nimehesabu vitanda. Kimoja. Nimehesabu vikombe. Kimoja. Nikauliza wengine wako wapi. Akatoa simu akanionyesha majina, na vile vidoti. Nikakaa. Nikamwambia: mtoto wa nyoka ni nyoka, mimi nimedanganya mguu, wewe umedanganya wasichana, tumetoka sare. Akacheka kidogo, kisha akalia mpaka nikaogopa. Miezi saba, Mwalimu. Binti yangu amekula maharage ya watu wanne peke yake, na mimi kule nikiwa peke yangu namshukuru Mungu kwamba yeye ana watu. Hilo linaniuma kuliko vidole.

Ripoti anaiandika upya. Ridhaa nimeitoa mwenyewe, nimeweka dole gumba la mkono, la mguu si halipo. Nilitaka waandike na jina langu kubwa juu. Wamekataa, ati mgonjwa hatajwi. Nikamwambia basi niandikwe Mama Vicent, nimeshamzoea.

Sasa kazi yako. Watu wa jumuiya waambie ukweli wote. Watacheka, wacheke. Lakini wasiache kuwaombea wale wasichana. Wapo. Majina nimeyaona kwa macho yangu. Kila mmoja yuko chumbani kwake na simu yake, na mama yake mahali fulani anaambiwa wako wanne.

Basi. Weka tarehe.

Benadetha

*Mwandishi:* Shikamoo Mwalimu. Ile niliyoiruka Juni naifidia kwa hii. Sijaongeza wala kupunguza, ila hili naongeza langu.

Alipomaliza barua yako alisema niandike nyingine. Nikauliza ya nani. Akasema: "Anza, *Zena mwanangu, hujambo*." Akaendelea kwa ukurasa mzima: blanketi lipo, limefuliwa, kitandani kuna nafasi ukisogea, njoo Babati au sema ulipo litumwe kwa basi. Nimeichapa yote kwenye simu, nikaituma kwenye lile jina la kijivu.

Ni wiki mbili sasa, na barua hii yako nimeichelewesha nikingoja jibu lake. Kila asubuhi, kabla hajaniruhusu kufungua bandeji, ananiuliza kama Zena amejibu. Namwambia bado. Ananitazama usoni muda mrefu, aone kama nadanganya, kisha ananipa mguu.

Genoveva